Naomba ushauri: kambi ya ufukweni kwenye mnara wa taa

Ndugu zangu, mimi na marafiki watano tunakusudia kwenda, kwa magari mawili yanayosukumwa na magurudumu yote manne, hadi mnara wa taa ulioko kwenye rasi ya mbali, ambako sehemu ya mwisho ya njia ni mchanga unaopitika maji yakishakupwa tu. Nafahamu kwamba upepo wa matairi hupunguzwa hadi psi 18 hivi ili tairi litanuke lisizame, na kwamba siku za bamvua maji hupanda kuliko kawaida, lakini wenzangu (wabishi kweli) wanataka tulale karibu na mawimbi. Je, tuchague vipi mahali salama pa hema, na gari likikwama maji yakirudi, tutangulize koleo au kamba?