Aliyeweka lile tuta baada ya kona ya Mikindani, mchuzi wa pweza unakudai

Wanajukwaa, naandika haya nikiwa bado na tui la nazi ndani ya soksi, kwa hiyo mnivumilie nikipandisha sauti.

Mnamfahamu. Sina haja ya kumtaja, kwa sababu kila aliyetoka Mikindani kuja Mtwara mjini wiki hii ameshamtaja kwa kinywa chake mwenyewe, tena kwa maneno ambayo msimamizi wa jukwaa angeyafuta. Ni yule aliyeitazama kona ambayo dereva haoni mbele, akautazama na mteremko unaofuata, kisha akaamua kwamba kinachopungua pale ni tuta. Halikupakwa rangi, halikutanguliwa na rasta hata moja ya kumwamsha dereva, wala hapakusimikwa kibao. Ni lami nyeusi juu ya lami nyeusi, na kimo chake, kwa makadirio ya mgongo wangu, kinaukaribia uwanda wa Makonde.

Leo saa nane mchana nilikuwa ndani ya bajaji pamoja na mama mkwe, tukipeleka sufuria ya mchuzi wa pweza Shangani, ambako wageni wa posa ya shemeji yangu walikuwa wameshanawa mikono. Mama mkwe aliipakata sufuria mwenyewe, akaifunga kwa kitambaa, akakataa katakata nisimpokee. Bajaji ilipomaliza kona, tuta lilikuwa limeshatufikia. Mfuniko ulitangulia, mchuzi ukafuata, na kipande kimoja cha mkono wa pweza kikanasa kwenye kioo cha mbele, upande wa ndani, kikawa kinateremka polepole huku dereva akikitazama kama anayesubiri maelekezo.

Hayo ningeyasamehe. Nisichokisamehe ni kwamba mwenyewe alikuwapo, kivulini chini ya mwembe, na kofia yake ya njano, akimenya chungwa. Nilipomwendea huku nachuruzika mchuzi, hakuinuka. Alisema: “Mzee wangu, tuta ni kwa usalama wako.” Usalama wangu! Nina pweza begani, na miaka yangu ni 39.

Tuta humpunguzia mwendo aliyeliona, asiyeliona hurushwa. Lingewekwa kabla ya kona, sote tungelipanda taratibu, lakini baada ya kona linatuvizia tu. Livingstone alianzia safari yake ya bara hapo hapo Mikindani mwaka 1866, pasipo lami, na sijasoma popote kwamba alimwaga mchuzi.

“Mzee wangu,” anasema, na chungwa linaendelea kumenywa.

Korosho Ghafi: Pole sana, mkuu. Nimeusoma uzi mara mbili na ninaona kwamba tuta umelisimulia vizuri, lakini neno “mzee” ndilo linalokutoa machozi. Kilichokuumiza ni barabara au ni umri?

Mama Ufuta: Umetueleza hali ya soksi, ya pweza na ya dereva. Mama wa watu je, yuko salama?

Mleta uzi: Mama mkwe ni mzima, ila hajasema neno tangu saa nane. Yule bwana naye alilimaliza chungwa lake lote.

Vumbi la Newala: Ninyi wa pwani mna lami ya kuwekea tuta, kisha mnalalamika. Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Newala ni kilomita 210, na kwa muda mrefu lami ilikuwa ikiishia Mnivata, kilomita 50 tu kutoka Mtwara. Baada ya hapo kila mtu na Mungu wake, na msimu wa korosho tulikuwa tukifika sokoni tukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Tuleteeni hilo tuta, tutalitandikia mkeka.

Lindi Kwetu: Ndugu wa Newala, vumbi hupanguswa. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu maeneo ya Somanga, mimi nilitoka Dar es Salaam kuja Lindi kwa kuzungukia Iringa, Njombe, Songea, Tunduru na Masasi, nikaonana na nusu ya nchi pasipo kukusudia. Kalavati jembamba likiwekwa penye mkondo mpana, maji hayaombi njia, huondoka na barabara yenyewe.

Vumbi la Newala: Lakini ulizunguka juu ya lami.

Lindi Kwetu: Nilizunguka siku mbili!

Mleta uzi: Ndugu zangu, naomba turejee kwenye tuta la Mikindani.

Korosho Ghafi: Tutarejea, mzee wangu. Lindi Kwetu, hebu tueleze, kutoka Songea mlipishanaje na yale malori ya makaa ya mawe?