Je, amri ya kutoa picha kwenye video iongezwe kwenye menyu?

Mpigapicha, Mwanjelwa: Ndugu zangu, juzi bibi harusi mmoja wa Uyole aliniletea video ya sendoff yake akitaka picha moja tu, ya mama yake akimfunga kitenge. Programu ninayotumia kuhariri haina amri ya kutoa fremu moja, yaani picha moja kati ya zinazounda video, hivyo nililazimika kukata kipande cha sekunde moja, kukitoa chote kama picha 25, kisha kufuta 24. Napendekeza tuwaandikie watengenezaji waiweke kwenye menyu.

Fundi, Kihesa: Kitufe cha Print Screen kipo kwenye kibodi tangu zamani. Menyu zenyewe zimejaa kama daladala ya jioni, na asiyeijua kibodi yake hataokolewa na amri nyingine.

Mpigapicha, Mwanjelwa: Mimi nimeanza kazi hii enzi za kanda za VHS, kwa hiyo hilo la kutoijua kibodi naomba ulirudishe mfukoni.

Mwalimu, Tukuyu: Print Screen hunasa kilicho kwenye skrini, si kilicho kwenye faili. Skrini ya kompyuta yangu ni nukta 1366 kwa 768 na video ni 1920 kwa 1080, kwa hiyo karibu nusu ya nukta zinapotea kabla hata sijaanza. VLC, programu ya kuchezea video, inayo amri hiyo: unabonyeza E kusogeza fremu moja moja, kisha Shift na S, na picha inahifadhiwa.

Fundi, Kihesa: Basi atumie VLC, tulale. Hata hivyo fremu ya video si picha kamili, maana faili limebanwa na mkono ukitembea unatoka ukungu. Tatizo ni wateja wanaolipia video halafu wakataka na albamu ya bure.

Mteja, Mafinga: Hilo la bure limenigusa. Mimi nililipia vyote viwili, na mpigapicha wangu alikuwa kwenye foleni ya pilau wakati baba ananikabidhi. Tukio lile limebaki kwenye video peke yake. Nilipie mara ya tatu?

Mpigapicha, Mwanjelwa: Dada, kuitafuta fremu ambayo hakuna aliyefumba macho ni kazi. Mimi natoza elfu tano tu.

Fundi, Kihesa: Elfu tano! Sasa ikishawekwa kwenye menyu na kila mtu akaiona, utamtoza nani?