Mwanza kwa mguu: nianzie wapi kuona vya kale?

Mgeni_wa_Ziwa
Wakuu habari za jioni. Nakuja Mwanza kikazi, Jumamosi yote sina kazi na nitalala jirani na stesheni ya treni. Kila ninayemuuliza ananiambia nenda jiwe la Bismarck kapige picha, kale sato, basi. Mi nataka kutembea kwa mguu nione majengo ya zamani, historia, na ngoma za Kisukuma kama zinapatikana. Nianzie wapi?

Ngosha_Kirumba
Mwangaluka mkuu. Sato utakula tu, huyo hakwepeki. Sasa hapo hapo stesheni ni historia, reli ilifika Mwanza 1928, na pamba ya Usukuma ilikuwa inapita humo kwenda Dar. Ukitoka hapo panda mjini mpaka mnara wa saa usome kibao chake, kinamsifia Speke, yule mpelelezi wa Kiingereza, kwamba tarehe 3 Agosti 1858 akiwa kilima cha Isamilo ndo kaliona ziwa. Kaliona yeye, wavuvi walikuwa wanalitazama kila asubuhi tangu enzi za mababu. Halafu ulizia palipokuwa na mti ambao Wajerumani walinyongea watu, ni jirani tu na mnara. Mpita njia kapewa kibao, walionyongwa hata majina hatuna, mi hapo huwa inaniuma aisee.

Baada ya hapo ingia Makoroboi, mafundi walikuwa wanatengenezea pale vibatari vya mabati chakavu, na kuna hekalu la Wahindi. Ukiwa mitaa hiyo angalia juu, usiangalie madukani, maana chini kote ni spika na nguo za mitumba ila ghorofani ndo utaona roshani za zamani. Bismarck iache mpaka jua lipoe, ipo pale pale kwenye kivuko cha Kamanga.

Binti_wa_Kisesa
Ngosha umemaliza mji lakini ngoma hujamjibu mwenzio. Mgeni, panda daladala za Kisesa uende Bujora, kuna makumbusho ya Wasukuma. Aliyeanzisha ni padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Banda la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ndani zimepangwa ngoma kubwa kubwa za tawala mbalimbali. Mwambie anayekutembeza akueleze Bagika na Bagalu, hayo ni makundi mawili ya wachezaji yanayoshindana tangu zamani, na wanashindana mpaka kwa dawa, anayevuta watu wengi uwanjani ndo kashinda. Bugobogobo wanacheza na majembe, Bayeye na chatu. Ungekuja Juni kwenye Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, ungeona yote, siku za kawaida wasiliana nao mapema ndo wakuandalie wachezaji.

Mgeni_wa_Ziwa
Wabheja sana wote. Chatu wa kweli huyo au wa kuchonga? Na kamera nitembee nayo tu mjini?

Binti_wa_Kisesa
Wa kweli 😂 kaa mbali na mstari wa mbele.

Mama_Dagaa
Kamera hamna shida, ila ukifika Mwaloni kwenye dagaa omba kwanza, wale mama hawapendi kupigwa picha wakiwa kazini, nunua hata kisado kimoja uone wanavyobadilika. Mnara wa saa nenda asubuhi mapema, saa nne pale magari yamejaa hata kibao husomi.