Gumzo la kikundi: Funguo za Camaro ya 1969

*Salma:* Jamani, habari za jioni. Gari langu la Camaro la 1969 lina ufunguo mmoja tu, wa swichi ya kuwashia, nao umelika. Wa buti haupo kabisa. Fundi funguo anasema ananakili huu dakika mbili. Nimpe?

*Mjomba Athumani:* Usimpe anakili. Mashine inafuata umbo ililoliona, ulikaji wote unahamia kwenye ufunguo mpya. Ukija kunakili nakala ya nakala, kitasa kinagoma, halafu lawama zinaangukia swichi ambayo ni nzima.

*Juma:* Mwambie achonge kwa vina. Funguo za GM (General Motors, waliotengeneza Camaro) za wakati huo zina mikato 6, kila mmoja una kina kati ya 1 na 5. Pima kwa vernia, toka mgongo wa ufunguo hadi chini ya mkato:
1 = mm 8.00
2 = 7.37
3 = 6.73
4 = 6.10
5 = 5.46

*Salma:* Mkato wa tatu unasoma 7.20. Si 2 wala si 3 😅

*Juma:* Ni 2. Ufunguo hupungua, hauoti. Kipimo kikiangukia katikati, chukua kile chenye milimita nyingi zaidi. Ukimaliza, jumlisha namba zote sita: jibu liwe shufwa, na mikato inayofuatana isipishane zaidi ya 2. Ukipata witiri, kuna mkato umeusoma vibaya.

*Dada Rehema:* Kabla ya vina kuna tundu lenyewe. GM walikuwa wanabadilisha umbo la tundu kila mwaka, na kila umbo lina herufi yake: 1967 A na B, 1968 C na D, 1969 E na H, 1970 J na K, 1971 wakarudi A na B. Kwa gari lako, E wenye kichwa cha pembe ni wa swichi na milango. H wa kichwa cha mviringo ni wa buti na kasha la dashibodi.

*Salma:* Basi naagiza E na H?

*Dada Rehema:* Subiri. Hiyo ni kama vitasa ni vya kiwandani. Gari la umri huo huenda lilishabadilishiwa silinda za vitasa (sehemu inayoingia ufunguo), na mwaka wa gari hauwi tena mwaka wa kitasa. Jaribu ufunguo ghafi (ambao haujachongwa) kila tundu, milango yote miwili. Ukikwama nusu njia, usiusukume na usipige tupa mbavu zake. Hilo si tundu lake.

*Mjomba Athumani:* Na nambari ya chasisi haitakupa msimbo wa ufunguo, usipoteze muda huko.

*Salma:* Sawa mjomba. Sasa wa buti nitaupataje na hakuna cha kupima?

*Juma:* Anzia kasha la dashibodi, linatumia ufunguo uleule. Fundi alifungue kwa vyuma vyake, atoe silinda, asome vibapa vya ndani, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vinavyoinuliwa na mikato ya ufunguo. Vimepigwa chapa 1 hadi 5. Avifunike kwa kidole anapotoa, springi zake zinaruka na kupotea.

*Juma:* Tatizo: kasha lina vibapa 4, ufunguo una mikato 6. Miwili inabaki ya kubahatisha, yaani uwezekano 25. Kanuni ya shufwa inaushusha hadi 12 au 13, na ile ya mikato jirani inapunguza tena. Fundi mvumilivu anaanza na mikato ya kina kidogo, anashuka taratibu kwenye ufunguo huohuo mmoja.

*Dada Rehema:* Au mtoe siti ya nyuma, mwingie butini kwa ndani. Silinda ya buti imeshikwa na klipu, ikitoka mnasoma vibapa vyote 6 na kubahatisha kunaisha. Mimi ningefanya hivyo.

*Juma:* Naafiki. Ila kwanza ahakikishe kasha na buti havijachanganywa.

*Salma:* Kitasa cha mlango wa kushoto nacho ni kizito. Nitie oili?

*Mjomba Athumani:* Hapana mwanangu, oili inashika vumbi na vibapa vinaganda. Tia unga wa grafiti kidogo tu, ingiza na kutoa ufunguo mara kadhaa. Mpya, siyo huo uliolika.

*Salma:* Nimeelewa. Natuma picha ya ufunguo mniangalizie mikato mingine.

*Dada Rehema:* Usitume humu! Picha safi ya ufunguo inatosha mtu kuchonga mwingine. Andika vipimo tu, umtumie Juma pembeni.

*Juma:* Na uanzie upande wa kichwa, mkato wa kwanza hadi wa sita. Ukigeuza mpangilio, tunachonga ufunguo wa gari lingine.