Mdogo wangu kachaguliwa UDSM na chuo kidogo cha kanisa Iringa, athibitishe wapi?

Kaka wa Makambako
Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), kachaguliwa vyuo viwili kozi ile ile: ualimu, masomo ya kufundishia Kiswahili na Historia. Kimoja ni UDSM, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Mlimani, kingine chuo kidogo cha kanisa pale Iringa mjini. Lazima athibitishe kimoja tu na dirisha linakaribia kufungwa. Mzee anataka Iringa, ni karibu na nyumbani. Mama mdogo anasema Mlimani ni Mlimani. Naomba ulinganisho, ushabiki tuweke pembeni.

Zao la Mlimani
Ualimu nimesomea pale. Mihadhara ya mwaka wa kwanza inajaa kweli kweli. Ukumbi wa Nkrumah ukichelewa unaandikia ukutani. Mhadhiri hawezi kukujua kwa jina. Kinachookoa ni semina, kule mnakuwa wachache na lazima uongee.
Lakini kwa Kiswahili sioni wa kushindana nao. TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, iko pale pale, imetokana na TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) kuunganishwa na Idara ya Kiswahili mwaka 2009, na TUKI ndiyo iliyoandaa Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981. Kitabu cha sintaksia umekiazima maktaba asubuhi, mchana aliyekiandika ndiye anayekufundisha. Binti anayependa lugha asinyimwe hilo.

Binti Kihesa
Kaka, mimi nimesoma chuo kidogo cha binafsi na sijutii. Nilikosa vipindi viwili, mwalimu akaniulizia kwa wenzangu. Kwenye mazoezi ya kufundisha msimamizi alikaa nyuma ya darasa kipindi kizima, baadaye akanionyesha jinsi ninavyowapa wanafunzi mgongo muda mrefu bila wao kusema neno.
Ugumu wake ni ada. Bumu, yaani hela ya mkopo, likichelewa, mhasibu hasubiri. Hujakamilisha ada, chumba cha mtihani huingii.

Mzazi Mbezi
Na Dar je? Ada ya Mlimani ni nafuu, maisha ndiyo yanayokula hela. Hosteli za Magufuli zilifunguliwa 2017 zikiwa na nafasi 3,840, bado wapo wanaokosa na kwenda kupanga Changanyikeni au Msewe, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Aombe chumba mapema sana.

Mwalimu Mufindi
Kwenye ajira msidanganyane. Siku hizi walimu wanafanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira. Jina la chuo halikujibii maswali. Ila kwa chuo binafsi chochote, hakikisheni kozi yenyewe imo kwenye orodha ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Mwaka 2016 TCU ilifuta vibali vya matawi ya chuo kimoja binafsi, wanafunzi wakahamishiwa kwingine katikati ya masomo.

Kaka wa Makambako
Shikamoo mwalimu, asante. Kinachotukwamisha ni mkopo. Bodi ya Mikopo haijatoa majina ya waliopata.

Binti Kihesa
Na msiusubiri, kuthibitisha kunatangulia. Pigeni hesabu kama vile hautatoka kabisa: ada, chumba, chakula, nauli ya likizo. Hata ukitoka, asilimia ya ada hupangwa kwa hali ya familia, kinachobaki ni chenu. Mkiweza kumtunza Dar mwaka wa kwanza bila Bodi, mpelekeni Mlimani, nami niliyesoma kwingine nasema hivyo kwa sababu ya hicho Kiswahili. Msipoweza, Iringa atasoma vizuri na atamaliza. Kuacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa kodi kunaumiza kuliko kukosa jina.

Kaka wa Makambako
Tumepiga hesabu na mzee kwenye simu. Shangazi yetu yuko Kimara, kakubali akae kwake mpaka apate hosteli, basi kodi imeondoka. Ada ya mwaka wa kwanza mzee atauza mbao. Binti anathibitisha Mlimani jioni hii, kabla mtandao haujaelemewa.