Naomba ushauri: bangi yangu inakomaa juu, chini bado

Habari za jioni wakuu. Niko Ujerumani, ambako tangu Aprili 1, 2024 mtu mzima anaruhusiwa kuotesha hadi miche mitatu ya bangi nyumbani kwa matumizi yake, kwa hiyo habari za polisi tuziweke kando.

Nina mche mmoja tu, ndani, chini ya taa, saa 12 mwanga na saa 12 giza. Hii ni wiki ya tisa tangu uanze kutoa maua, na haukomai kwa pamoja. Nimetazama kwa kioo cha kukuzia: vishada vya juu, vijinywele vyake vya utomvu vimekuwa vyeupe kama maziwa, na vichache vimeanza rangi ya kaharabu. Vya chini bado vinang'aa kama kioo, na vishada vyenyewe ni vyembamba, vinatia huruma kwa kweli.

Juzi nilipunguza majani makubwa ili mwanga ufike chini. Jana nikakata kishada kimoja cha juu, nikakining'iniza kabatini gizani. Vingine sijagusa. Nikingoja vya chini, vya juu vitapitiliza, tena vimeshikana sana, naogopa ukungu.

Kwa waliowahi kuvuna kwa awamu: nikikata vyote vya juu sasa, vya chini nivipe siku ngapi, na taa niishushe au niiache ilipo? Na maji je, nipunguze, maana mche utakuwa umebaki nusu?