Kubadilisha beseni la kuogea: nifanye mwenyewe au nimwite fundi?

Swali: Ndugu zangu, beseni langu la kuogea la chuma cha kusubu limeanza kushika kutu kuzunguka tundu la kutolea maji, nami nataka kuweka la plastiki ngumu. Vifaa vya kawaida ninavyo. Je, nijaribu mwenyewe?

Jibu: Kulitoa unaweza, ingawa ni kazi ya jasho. Beseni la namna hiyo huweza kuzidi kilo 100, kwa hiyo wengi hulifunika blanketi na kulivunja palepale kwa nyundo nzito, wakiwa wamevaa miwani na glavu, kwa kuwa vipande vyake hukata kama wembe.

Jibu: Naafikiana na mwenzangu, ila mabomba ni jambo jingine. Tundu la beseni jipya lisipolingana na bomba la maji machafu, huenda sakafu ikabidi ifumuliwe, na ukiishi ghorofani uvujaji utamfikia jirani wa chini. Hapo mwite fundi bomba.

Jibu: Yeyote atakayelifunga, alijaze maji, kisha ayafungulie yote huku akimulika maungio kwa tochi, kabla vigae havijarudishwa. Silikoni, ile gundi ya kuziba ukingo wa beseni, nayo (wengi hulisahau hili) ipakwe beseni likiwa limejaa, maana uzito wa maji hulishusha kidogo na kuachia ufa pembeni.